Nyuma ya Fomu

Saa kumi na mbili na robo. Nakuru haijapiga mswaki.
Natembea juu ya tuta, kati ya bwawa la pili na la tatu,
buti zimelowa umande, pua imeshazoea.
Wageni wakija huku hufunika pua. Ndege hawafuniki.
Mji umelala, lakini mji mzima uko hapa:
maji ya Kaptembwo, ya Bondeni, ya Milimani,
yaliyowaogesha wenye nyumba na yaliyosugua sufuria za githeri,
yamechanganyika, hayaulizani kwao ni wapi.

Fomu yangu ina safu nne: saa, joto, kina, harufu.
Kwenye harufu huandika "ya kawaida".
Nyuma ya fomu, kwa penseli, nawaandika wale wadogo.

Tangu wiki ya mwisho ya Machi wanapita.
Huwaoni wakija. Huja usiku, kama deni,
na kukipambazuka wamo kwenye migunga ya manjano
wakichokoa viwavi jani kwa jani,
hawatulii, hawasalimu.
Rangi yao? Nikwambie nini.
Chai ya mwisho wa mwezi, iliyoona maziwa kwa mbali,
halafu uiguse kwa limau bichi. Basi.
Kitabu nilichoazima kinawaita kwa Kilatini.
Mama yangu, kule Baringo, angesema *tarityet*,
Wamaitha wa maabara husema *nyoni*,
na wote wawili wanasema "ndege" tu,
wala hakuna aliyekosea.
Mimi huandika W. Wadogo.

Jumanne mmoja aligonga dirisha la chumba cha pampu.
Nilimweka kwenye mizani ya kupimia dawa,
upande wa pili sarafu ya shilingi ishirini.
Mizani ikayumba, ikafikiri, ikasimama sawa.
Shilingi ishirini!
Hiyo ndiyo inayovuka Chalbi, na Sudani, na jangwa lenyewe,
na bahari ambayo mimi nimeiona kwenye kalenda,
ikisukumwa na mafuta ya wadudu
waliolelewa na yale tunayoyavutia maji bila kutazama nyuma.
Kipande cha Kaptembwo kitatua Siberia.
Ningependa baraza la mji lijue, ila fomu haina safu ya hilo.

Leo wingu limekaa Menengai tangu alfajiri.
Kule ziwani, miti iliyozama imesimama mikavu ndani ya maji,
kila tawi na mnandi wake, mbawa wazi kama nguo kambani.
Sikuwa natazama huko.
Nilikuwa nahesabu kumi na nne, kumi na tano,
ndipo mmoja akaimba.

Miezi yote waliyokaa kwetu husema "huit" tu,
kama mtu anayejibu simu asiyoitaka.
Sasa sauti ilianzia juu, ikateremka ngazi,
ngazi ya tatu, ya nne,
ikakatika.
Ikarudi juu. Ikakatika palepale.

"Huyo anafanya mazoezi," akasema Wamaitha
(sikumsikia akija, chupa ya chai kwapani).
Anaimba sauti ya pili kanisani; mambo haya anayajua.
"Msikie. Pumzi inamwishia kwenye kona.
Ndivyo tulivyokuwa Alhamisi, kabla ya Pasaka."
Nikamwuliza, na siku yenyewe anaimba wapi?
"Huko anakokwenda. Kwani wewe huchagua kuolewa njiani?"

Tukasimama. Darubini nikampa yeye,
ile yenye jicho moja zima.
Ndege akajaribu tena, akafika ngazi ya tano,
akaacha wimbo ukining'inia, akala kiwavi.

Tone la kwanza likaanguka juu ya fomu, kwenye safu ya joto.
Nikaandika haraka: W, kumi na saba.
Mmoja anaimba. Hajamaliza.
Kesho huenda nikaandika sufuri,
na mhandisi atakayegeuza karatasi
atadhani nilikuwa nahesabu magurudumu.

Saa moja tukaenda kufungua valvu ya bwawa la tatu,
yeye upande wake wa gurudumu, mimi wangu,
kutu ikilia.
Alikuwa anauimba chini chini, ule wimbo,
ngazi ya kwanza hadi ya tano,
na pale ndege alipoachia
akaumalizia anavyojua yeye:
polepole, kwa sauti ya pili, na Amina.